Herufi Tatu za Khisa

Gikonyo, mwenye chumba, alifungua kufuli huku amegeuza uso, kama mtu anayefunua sufuria ya mboga iliyolala.

"Ingia uone mwenyewe, mama," alisema. "Sitaki kesho uende kusema huko Bungoma ati Gikonyo aliiba vitu vya marehemu."

Chumba kilikuwa nyuma ya soko la Kitale, kimebanwa kati ya kinyozi na mama wa chipsi. Sellah hakuwa amewahi kukiingia. Kila alipokuja kuchukua viatu vya mitumba vya kwenda kuuza kwao, alikuwa akisimama nje na kumwita mwanawe Khisa, wanaongea mlangoni, anampa kamfuko ka ndizi, anaenda zake. Chumba kilijaa vijana kutoka asubuhi, mama mzima aingie kufanya nini? "Ingia basi dakika moja, mathe, nikuonyeshe kitu," Khisa alikuwa akimwambia. Naye alikuwa akijibu kwamba gari litamwacha.

Sasa vijana hawakuwapo. Ilibaki mashine ya gemu ya Khisa peke yake, kabati la mbao refu kama la nguo, lenye kioo, vijiti viwili, vitufe vilivyolika rangi na tundu la kuingizia shilingi ishirini.

"Mambo ni haya," Gikonyo alisema. "Kodi ya miezi mitatu iko nje. Mimi si mnyama, siwezi kufukuzana na mtu wa matanga, lakini hata mimi nina watoto. Kabati linabaki. Kuna jamaa wa Saboti analikujia kesho."

Alichomeka waya ukutani ili aone kama bado inafanya kazi. Mashine ikaimba kawimbo kafupi. Vindege vikapita vikirushiana risasi, vikapotea, kioo kikawa cheusi. Kisha majina yakaanza kupanda kutoka chini, moja baada ya jingine, mpaka yakajipanga. Juu kabisa palikuwa na herufi tatu: KHI. Chini yake tena KHI. Chini yake tena KHI, ndipo yakaja ya watu wengine.

"Hiyo ni nini?" Sellah aliuliza.

"Ni wale washindi. Mashine inakubali herufi tatu peke yake. Huyo wa juu ni kijana yako." Hata Gikonyo alilainika kidogo. "Vijana walikuwa wanatoka mpaka Kapsokwony kuja kujaribu kumtoa hapo. Walikuwa wanarudi kwao kimya, bana."

Sellah aliketi juu ya kreti la soda. Majina yalipotea, vindege vikarudi, majina yakapanda tena.

"Nani anaandika?"

"Hakuna mtu anaandika, mama. Ukishinda unajiandika, halafu inakumbuka."

Kule nyumbani, jina la Khisa liliandikwa kwenye msalaba wa mbao na fundi wa kulipwa, aliyeuliza mara mbili kama lina H. Hapa alijiandika mwenyewe. Sellah alitazama mpaka Gikonyo akakohoa na kusema stima ni yake.

"Huyo wa Saboti anataka kila kitu?"

"Anataka mbao na kioo. Ndani ataweka kompyuta yake iko na gemu nyingi. Hii bodi ya zamani ni ya kutupa."

"Basi nipe hiyo ya kutupa."

Gikonyo alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mfanyabiashara hahitaji kuambiwa mara mbili: takataka ikishapata mtu wa kuililia, imeshapata bei. Alitaja elfu moja. Sellah aligeuka ukutani, akafungua pindo la leso, akampa. Alipoomba na vitufe pamoja na vijiti, Gikonyo alicheka.

"Hivyo ni vya kabati. Ukinunua kuku utaomba na banda?"

Kijana wa kinyozi aliitwa na bisibisi yake, akafungua nyuma, akatoa bodi ya kijani pana kama sinia. Sellah alimshika mkono.

"Ukiizima, hayo majina hayatapotea?"

"Stima hapa inapotea kila siku, mathe, na bado yanarudi. Khisa alitengeneza hiyo maneno mwenyewe. Wateja walikuwa wanalia ati majina yao yanapotea."

Sellah aliifunga bodi kwa leso, akailaza ndani ya beseni jipya la plastiki. Akarudi nayo Bungoma mapajani, na kila aliyemuuliza amebeba nini alimjibu kuwa ni sahani.

Naim alikuwa fundi wa redio na televisheni nyuma ya msikiti, mjini Bungoma, kijana mpole mwenye ndevu chache na maneno mengi. Alifunua leso akapiga mluzi.

"Mama, hii kitu umeitoa wapi? Hii ni mzee kuliko mimi."

"Nataka ionekane kwa TV ya nyumbani."

"Inawezekana. Lakini itakula pesa. Hii haijui TV, inajua kile kioo chake tu. Kuna kisanduku cha kutafsiri picha, hicho peke yake ni elfu nane."

"Niko na elfu tatu."

Naim alicheka, kisha akaona kwamba mama hacheki. Akakuna shingo. "TV yenu ni gani? Ya kisogo? Basi umebahatika. Hizo za zamani naweza kuzifungua nikazidanganya, hatutahitaji kisanduku. Umeme natoa kwa kompyuta iliyokufa, iko hapo chini ya meza. Vitufe tutafunga kwa kibao cha chapati. Na mahali pa kuingiza pesa, naweka swichi ya kengele ya mlango. Ukibonyeza, inaamini imekula ishirini." Alifurahia jambo hilo kuliko yote. "Unataka kufungua biashara?"

Sellah alitazama nje, akahakikisha hakuna mtu wa kwao anayepita. Nyumbani alishasema ni ya binti yake Ivy. Kwenye chama cha wamama alisema ni ya biashara. Ukweli alimwambia mtu huyu asiyemjua, kwa sentensi mbili, huku akishika ukingo wa meza.

Naim hakusema pole. Aliigeuza bodi, akaisogeza kwenye mwanga, akamwonyesha betri ya duara, kama sarafu, imekaa kwenye kikombe chake pembeni.

"Hii haikutoka nayo kiwandani. Kijana yako aliifunga mwenyewe. Ona risasi ya kulehemu alivyoiyeyusha."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Hata ni safi."

Sellah alifurahi vile alivyofurahi siku mwalimu alipomsifu Khisa mbele ya wazazi wengine.

"Sasa nisikize," Naim aliendelea. "Jina linakaa hapa. Stima ikienda, hii betri ndiyo inalishikilia. Imechoka, lazima tubadilishe. Lakini kwanza nafunga mpya kando yake, halafu ndio nitoe ya zamani. Ikitoka kama hakuna nyingine, hata dakika moja, jina limeenda."

"Linaenda wapi?"

"Linaenda tu, mama."

Alisema betri nzuri ataagiza Nairobi, zile za mjini hazifiki mwaka. Mia tano pamoja na kazi. Bodi aiache dukani mpaka Jumamosi.

"Siiachi."

"Mama, si nitakupa risiti."

"Naim mwanangu, siiachi. Wewe ukuje nyumbani."

Naim alitazama mikono yake iliyoshika lile beseni, akakubali kuja nyumbani.

Nyumba ya Sellah na mumewe Wakoli ilikuwa pembeni mwa mji, upande wa Musikoma, na zamani ilikuwa nyumba ya watu. Ukipita hapo jioni ulikuwa husikii jirani yako kwa vicheko. Wakoli alikuwa bawabu wa usiku kwenye duka la saruji na mabati, na mchana alikuwa mtu wa hadithi: nani ameachwa, nani ameiba misumari, mke wa tajiri alishuka gari gani na ya nani. Sasa hata jirani aliyekuja kuomba chumvi aliomba akiwa mlangoni.

Wakoli ndiye aliyekuwa amemtuma Khisa Moi's Bridge kuulizia bei ya mahindi. Magunia mawili tu, nenda na pikipiki urudi. Lori lililomgonga halikuwa na taa. Tangu siku ile Wakoli alikuwa na sentensi moja, "ni mimi nilimtuma," na alipomaliza kuisema hakuwa na nyingine. Mtu akilitaja jina la kijana wakati wa kula, aliiweka sahani chini, akatoka, akasimama nyuma ya jikoni akitazama shamba lake mwenyewe kama la mtu mwingine. Kwa hiyo jina likaacha kutajwa. Hata wanawake waliomzoea Sellah kama Mama Khisa wakajifunza kumwita Mama Ivy.

Kitu kimoja tu Wakoli hakukiacha. Kila akirudi kutoka kazini asubuhi alifungua tochi yake, akazipanga betri juu ya bati la jikoni zipigwe na jua, akazigeuza saa sita kama anayegeuza mahindi ya kuchoma. Bawabu hununua betri mara moja kwa mwezi, nyingine ni za jua. "Jua ni stima ya maskini," alikuwa akisema, zamani aliposema mambo.

Lorna, mwenyekiti wa chama, alikuja Alhamisi. Hakuketi, na hiyo yenyewe ilikuwa habari.

"Mama Ivy, mimi sipendi maneno. Lakini wamama wanauliza. Tulikupa pesa ya mzunguko tukijua utaongeza viatu. Sasa tunasikia imeenda kwa gemu. Gemu ya watoto! Na bado umenikopa mia tano nyingine, ati ya betri. Betri gani ya mia tano? Ya gari?"

"Nitalipa, Lorna."

"Si kulipa. Ni aibu. Watu watasema uchungu umekuingia kwa kichwa."

Ivy, aliyekuwa akifua sare zake za shule, aliacha kufua. Sellah alijipangusa kamasi kwa kiganja. Ndipo sauti ikatoka mlangoni, nzito kwa kukaa bila kutumika.

"Lorna," Wakoli alisema. "Hiyo pesa ni ya mke wangu. Hata akinunua mawe, ni mawe yake. Wewe ulishaolewa hapa?"

Lorna alikaza leso yake, akaaga. Alipofika njiani Wakoli akaongeza kwa sauti ya kusikika, "Na ile kuku yenu bado inataga kwangu. Mayai sirudishi."

Ivy alicheka ndani ya povu. Sellah alimtazama mume wake kama mtu anayeona moshi ukitoka kwenye nyumba aliyodhani imehamwa.

"Kwani ni kweli?" Wakoli aliuliza baadaye, ameinama juu ya beseni. "Betri ya mia tano? Haka kadogo?"

"Naim ndiye anajua."

"Naim anajua kula watu."

Hapo ndipo Sellah angemwambia betri hiyo inashikilia nini. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini ilibidi yaanze na jina, na mtu huyu alikuwa ameongea leo, amefanya mzaha, ameuliza swali. Sellah hakutaka kuwa yeye wa kumrudisha nyuma ya jikoni. Aliyameza, akamuuliza kama ataongeza ugali. Wakoli akasema ndiyo.

Ijumaa alfajiri Sellah alikwenda sokoni Chwele na viatu vyake, akarudi giza limeingia, amechoka. Beseni lilikuwa mahali pake, limefunikwa leso vizuri.

Jumamosi mchana nyumba ilijaa. Hakuna aliyealikwa, lakini fundi akibeba waya na kibao cha chapati kupita mtaani anafuatwa hata na kuku. Watoto walikaa sakafuni, wazee wakapewa viti, na Lorna mwenyewe alikuja, amejitanda, akasema anapita tu, akakaa mbele. Sellah aliteleka sufuria kubwa, ile ya matanga.

Naim alifungua kisogo cha TV, akaunganisha waya zake akieleza kila moja kama mhubiri. Kisha akafunua leso, akainamia bodi, akaigusa betri kwa ncha ya bisibisi. Betri ilikuwa kwenye kikombe chake, lakini ilimetameta, kama kijiko cha mgeni.

"Nani alitoa hii?"

"Ni mimi," Wakoli alisema. Alikuwa amevaa shati lake la Krismasi. "Nimemwokolea mke wangu mia tano. Jana nimeianika kwa bati kutoka asubuhi mpaka jioni, jua kali ile. Nikaisugua na majivu. Imeamka. Weka tu utaona. Ile yako ya Nairobi rudisha."

Watu walicheka, na Wakoli akacheka nao, cheko lake la zamani lenye mkwaruzo ndani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jirani mmoja alimpiga begani. "Huyu ni injinia, bana. Watu wa jua."

Naim alimtazama Sellah. Sellah alikuwa amesimama na trei ya vikombe, anaangalia vidole vya mume wake, vile vilivyosugua kwa majivu. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza inzi.

"Ni sawa, mzee," Naim alisema polepole. "Umefanya kazi."

Sellah aliiweka trei chini. Akajiambia mafundi hutisha watu ili walipwe. Akajiambia kwamba mashine ya zamani namna ile, iliyovumilia stima ya Kitale, haiwezi kushindwa na jua la siku moja. Akaketi pembeni ya mlango, akakaza macho kwenye kioo.

Naim akawasha. TV ikakoroma, ikarusha mistari, kisha kawimbo kale kafupi kakalia sebuleni mwake na watoto wakapiga makofi. Vindege vikapita. Kioo kikawa cheusi. Majina yakaanza kupanda, yakapanda, yakajipanga.

AAA. BBB. CCC. DDD.

Sellah aliyasoma yote mpaka chini, akarudi juu akayasoma tena. Nyuma yake mtu alikuwa akiuliza kama chai ina tangawizi.

"Lakini hapa juu si kulikuwa na Khisa?" Ivy alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini jina lile lilikuwa halijasemwa katika nyumba ile kwa muda mrefu, na watu walilisikia kama sahani iliyoanguka. Wakoli alikuwa ameshika ile swichi ya kengele, tayari kuilisha mashine ishirini ya kwanza. Aligeuka.

"Kulikuwa na nini?"

"Jina yake, Baba. KHI. Likizo nilipoenda kumtembelea niliona. Ilikuwa juu kabisa. Aliniambia hakuna mtu anaweza kuitoa."

Wakoli aliitazama bodi. Akaitazama betri, jinsi ilivyong'aa. Akavitazama vidole vyake. Hakuwa mjinga, bawabu aliyekesha kwenye mlango mmoja maisha yake yote hujua kitu kikishapita, hata kama hakukiona kikipita. Uso wake ulianza kurudi kule ulikokuwa, na Sellah aliuona ukirudi hatua kwa hatua.

"Naim," alisema. "Ni ile betri?"

Naim alifungua mdomo.

"Halikuwako," Sellah alisema.

Wote wakamgeukia.

"Mimi ndiye nilienda Kitale. Nilikaa mbele ya hiyo mashine mpaka Gikonyo akachoka na mimi. Nilisoma hayo majina yote. La Khisa halikuwako."

"Lakini Mama, mimi niliona..."

"Ulikuwa mtoto, Ivy. Uliona ukutani, labda aliandika na kalamu. Kwa kioo halikuwako." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Muulize fundi. Naim, si nilikuambia hakuna jina?"

Naim alikuwa amepiga magoti kati ya waya zake. Alimtazama mama huyo, akainamisha kichwa kwenye bisibisi.

"Uliniambia, mama. Hakuna."

Wakoli alivuta pumzi, pumzi ndefu iliyoingia na kuingia. Mabega yakashuka. Halafu, taratibu, tabasamu likamjia, akaupiga mguu wake kofi.

"Huyo kijana! Yaani alinipigia simu, ati Baba, Kitale nzima hakuna mtu ananifikia, jina langu liko juu. Mimi nikaenda nikaambia watu wote pale kazini. Mpaka mwenye duka! Kumbe ananidanganya!"

"Si hata mimi aliniambia ana plot Kiminini," jirani akasema.

"Na mimi aliniambia atanioa," Lorna akasema, na hapo nyumba ikalipuka. Mmoja akakumbuka Khisa alivyouza kinyonga akisema ni dawa, mwingine akakumbuka alivyoingia kwaya bila kujua wimbo hata mmoja. Jina lilitajwa, likatajwa tena, likazunguka sebule nzima kama mtoto wa kupokezana mikononi. Wakoli alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, akaomba aongezewe chai.

Ivy hakucheka. Alimtazama mama yake moja kwa moja, bila kupepesa, kama anavyotazamwa mtu aliyekamatwa na kitu mkononi. "Mama, unajua nasema ukweli," alisema kwa sauti ya chini.

"Shika kikombe cha baba yako," Sellah alimwambia.

Ivy alikishika, akakifikisha, kisha akapita katikati ya watu akatoka nje. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

"Alikuwa muongo, huyo kijana," Wakoli alisema, akijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Ama namna gani, mama? Si alikuwa muongo?"

Watu walimgeukia Sellah, wakingoja na vicheko vyao tayari.

"Alikuwa muongo sana," alisema, na nyumba nzima ikacheka, naye akacheka nao.